Nyumba Yetu Ilikuwa Bado Mbichi

Juzi nilimfokea fundi wa watu bila kosa. Alikuja kunipakia geti rangi hapa Kalangalala, Geita mjini, kijana mpole mwenye shikamoo kwa kila anayepita, na alichokosea ni kufungua kopo la rangi nyekundu ya mafuta na kuichanganya na petroli chini ya dirisha langu. Harufu ilipopanda nikatoka nje, nikamwambia afunge kopo lake aende, geti langu litabaki na kutu yake. Akalitazama geti, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Lakini mama, rangi si umechagua mwenyewe?" Kweli niliichagua mwenyewe dukani, nikijidanganya kwamba mambo yale yamekwisha. Nikamwomba radhi, nikamwambia arudi wiki ijayo na rangi nyingine yoyote. Halafu nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka harufu ilipotoka.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya barabara kuu kabla haijawekwa lami hamhitaji kuelezwa habari ya vumbi. Tulilila, tulililalia, na Jumapili tulikwenda nalo misani likiwa kwenye kope. Nyumba ya bibi yangu mzaa baba ilikuwa nje kidogo ya Ushirombo, hatua chache kutoka barabarani, nyumba ya tofali za kuchoma na bati, na mlango wa mbao ambao babu aliupaka bluu kabla hajafariki. Mbele yake barabara ilikuwa na shimo. Kila mwaka lilifukiwa kwa kifusi, na kila mvua zikija lilirudi likiwa limenenepa. Malori yaliyotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi yalipofika pale yalilazimika karibu kusimama, dereva akatafuta gia ndogo, lori likashuka likiguna na kupanda upande wa pili. Watu wazima walililaani lile shimo. Mimi nililipenda kuliko kitu chochote duniani, kwa sababu mama yangu alikuwa akinifikia kwa kupitia hapo.

Hakuja mwenyewe, vilikuja vitu vyake. Baba alifukiwa na duara huko Geita, ndani ya shimo la dhahabu, nikiwa bado nanyonya. Mama alikaa kwa mama mkwe wake mpaka nilipoanza kuchota maji kwa kidumu kidogo, kisha akaondoka kwenda Chalinze, mkoa wa Pwani, kupikia madereva wa malori. Hakuondoka na mimi. Kwetu ng'ombe wa mahari wakishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba, na ng'ombe wa mama walikuwa wametolewa wote hadi wa mwisho. Bibi hakuhitaji kutamka neno, mila ilikuwa imeshamsemea. Ninachokumbuka cha siku ile ni turubai la lori likipigwapigwa na upepo, na mkono wa bibi ulionishika kwa nguvu kupita kiasi.

Basi mama akawa anawaagiza madereva. Simu mjini zilikuwepo, kwetu mtandao haukuwepo, na barua zilikuwa zikizeekea posta. Anuani yetu ilikuwa ni maneno ya mdomo: ukiipita Ushirombo, ukikuta shimo ambalo lazima usimame, tazama kushoto, kuna mlango wa bluu. Alikuwepo dereva mmoja tuliyempa jina la Baba Honi kwa sababu alipiga honi mara tatu kabla hajalifikia shimo, na mimi hata ningekuwa nimekaa chooni ningetoka mbio. Aliteremsha mfuko kupitia dirishani, lori likiwa linaendelea kunguruma.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba. Za huko kwa wenye bahari?"

"Njema tu. Mama Kabula anasalimia. Anasema mtoto asome."

"Mwambie anasoma. Mwambie kichwa chake kizuri, ni miguu tu inayopenda kuzurura."

Mfukoni mlikuwa na nazi, au chumvi, au gauni lililonibana kwa sababu mama alikuwa akinikadiria kutoka mbali na hakujua ninavyokua. Bibi naye alimpa dereva fungu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, amfikishie mkwewe. Hawakupendana sana wale wanawake wawili. Lakini michembe ilikwenda na nazi zilikuja, na katikati yao nilikuwa mimi.

Nilipoingia shule, mwalimu wetu alichora ubaoni mstari mrefu wa chaki. Akasema hii ndiyo barabara yetu, inaanzia baharini, inapita mkoa wa Pwani, inapita Dodoma na Singida, inafika Kahama, inakuja kupita hapa kwetu, na serikali inaileta lami. Neno hilo "inaileta" ndilo nililoondoka nalo. Akilini nilimwona mtu akiwa Pwani ameshika mkeka mweusi uliokunjwa, anaukunjua polepole kuelekea kwetu, na mama akitembea juu yake nyuma ya wafanyakazi, viatu mkononi. Nilipomuuliza bibi kama ni kweli lami inatoka kule aliko mama, akasema inatoka huko huko. Kisha, labda kwa kuona uso wangu, akaongeza, "Barabara ikifika, mama yako atakuja. Kwenye lami basi linatoka Pwani alfajiri, kabla hujalala limefika." Alisema hivyo ili ninyamaze nilale. Mtoto humwambii neno la kumlaza ukategemea atalisahau asubuhi.

Ndipo wakaja watu wenye futi, miwani ya kupimia yenye miguu mitatu na makopo ya rangi. Walipima kutoka katikati ya barabara, wakachora X kwenye nyumba. Nyingine walichora kwa rangi nyekundu, nyingine kwa kijani. Mkutano wa kitongoji uliitishwa, na watu wazima wakaelezwa: nyekundu ni aliyejenga ndani ya eneo la barabara, huyo abomoe mwenyewe ama abomolewe, hana fidia. Kijani ni yule aliyefuatwa na barabara, huyo asiguswe mpaka amelipwa na kupata pa kwenda. Yetu ilikuwa kijani. Bibi alirudi mkutanoni akiimba wimbo wa Bikira Maria. Ya jirani yetu, Mama Kulwa, ilikuwa nyekundu, na alipoiona alikaa chini akalia kwa sauti.

Watoto hatukuitwa kwenye mkutano. Nilimwona Mama Kulwa akilia, na nilikuwa nimeshaona akina mama wa maharusi wakilia vile vile, kwa hiyo nikaelewa kwamba amepata bahati. Nikamwonea wivu. Rafiki yangu Shija, bintiye Mama Kulwa aliyezaliwa baada ya mapacha, alikuwa amenizidi miaka miwili na kila jambo alikuwa na maelezo yake tayari. Alinichukua mpaka mbele ya mlango wetu, akatazama ile X yetu ya kijani kwa huruma.

"Kwenu bado mbichi," akasema.

"Mbichi nini?"

"Nyumba. Si unaona? Nyekundu imeiva, kijani haijaiva. Nyanya huzijui? Barabara haiwezi kupita kwenye nyumba mbichi. Itasubiri."

Nyanya nilizijua vizuri, nilikuwa nazichuma kila siku nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Kuanzia siku ile kila nikitoka nje niliitazama X yetu kama imebadilika, na ilikuwa kijani, na kesho yake kijani. Watoto wa njiani wakaanza kuniita Kabula wa nyumba mbichi. Nilimuuliza bibi nyumba inachukua muda gani kuiva. Akacheka mpaka akashika kiuno, akawasimulia wenzake wa jumuiya, nao wakacheka. Laiti mmoja wao angenijibu.

Mitambo ikaja. Tuliisikia kwa wiki nzima ikikaribia kutoka upande wa Masumbwe, na kila tukitoka shule tulikwenda kuitazama. Halafu, ikiwa imefika mahali ambapo ukiwa kwetu ungeweza kuiona, ikasimama. Mvua zilikuwa zimeanza, udongo ulikuwa tope, na sasa najua hakuna mkandarasi anayeshindilia tope. Lakini mvua tulikuwa tumezizoea, hazikutushangaza, na hatukuona kwa nini zisimamishe chuma kikubwa namna ile. Shija alisimama kando yangu akaelekeza kidole.

"Wanasubiri kwenu."

Nilitaka ardhi inimeze. Kule Pwani mama yangu alikuwa amesimama juu ya mkeka, viatu mkononi, na mkeka umekwama kwa sababu ya nyumba yetu.

Kopo la rangi nyekundu alikuwa nalo Shija. Wachoraji walilitupa korongoni likiwa na rangi kidogo chini, naye akalificha chini ya kibanda cha kuku kama hazina. Alinipa kwa kubadilishana na gauni lile lililonibana, alilolitaka kwa ajili ya mdogo wake. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imekata, bibi amekwenda kwenye sala ya jumuiya kwa mama mmoja ng'ambo ya pili. Juu rangi ilikuwa imeganda ngozi kama maziwa yaliyopoa, chini ilikuwa bado laini. Nilipaka kwa kitambaa nilichokivingirisha kwenye kijiti, nikiwa na sare ya shule mwilini. Nilifuata mistari yote miwili kwa uangalifu wa mtoto anayefundishwa kuandika, nikarudia mpaka kijani haikuonekana tena. Nilipomaliza nilirudi nyuma barabarani kuitazama. Ilipendeza. Sijawahi tena katika maisha yangu kufanya kazi nikaridhika nayo kiasi kile.

Bibi alirudi na hakuona kitu. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na X kwake ilikuwa kivuli tu ukutani. Alichonusa akakiita petroli ya malori. Jumapili tulikwenda misani. Jumatatu nikaenda shule, bibi akaenda kupalilia karanga.

Tulisikia mtambo kabla ya mapumziko. Mwalimu alipotutoa nje, Shija alishatangulia, akanipigia kelele kutoka getini kwamba kwetu kumeiva. Nilikimbia mpaka nikapata kichomi. Waliokuwa na nyekundu wote wa upande wetu walikuwa wanabomolewa, maana mvua ilikuwa imetulia na watu wa mitambo walitaka kuwahi, na dereva wa mtambo alikuwa akienda kwa rangi. Ya Mama Kulwa ilikuwa tupu, walishatoa hata misumari. Ya kwetu haikutolewa hata kijiko. Nilifika bati likiwa chini, na ukuta wa mbele umelala kifudifudi juu ya vyombo vya bibi. Nawaambieni ukweli, nilirukaruka. Niliimba. Nilitazama barabarani upande wa Pwani nione kama kuna mtu anakuja.

Aliyekuja ni bibi. Alikuja kutoka shambani na jembe mkononi, akikimbia. Sikuwahi kumwona bibi akikimbia, sikujua hata kama anaweza, na nilipomwona vile, kanga imemfunguka naye haishughulikii, nikaacha kuimba. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa vya kutosha.

Mkubwa wa ile kazi alifuatwa, akaja na gari na jalada la karatasi. Alikuwa mtu wa adabu, alimwamkia bibi shikamoo kabla ya lolote. Watu walikuwa wamejaa.

"Mama, nyumba yako ilikuwa nyekundu," akasema.

"Ilikuwa kijani. Mkutanoni niliitwa kijani. Waulize hawa."

Wakasema ni kweli, ilikuwa kijani. Mama Kulwa akasema ilikuwa kijani, lakini tangu juzi yeye ameiona nyekundu na akadhani wamembadilishia. Alisema bila ubaya, nadhani, ingawa sauti yake ilikuwa na ka-raha kidogo, raha ya kupata mwenzako. Yule mkubwa akawaambia vijana wageuze kipande cha ukuta. Wakakigeuza. X ilikuwa nzima, nyekundu, inang'aa.

"Hii siyo rangi ya watu wangu," akasema. Sasa sauti yake ilibadilika. "Mtu amechezea alama za serikali. Hilo ni kosa, mtu anafungwa. Nani amepaka hapa?"

Bibi aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa ukuta. Akagusa ile rangi. Pale nilipoirundika ilikuwa haijakauka vizuri, ikamganda kidoleni. Akakinusa kidole. Kisha akageuka, akanitazama mimi niliyekuwa nimeishika kanga yake kwa nyuma, akalisogeza machoni pindo la sare yangu lenye madoa ya rangi ile ile.

"Gashi," akasema kwa sauti ndogo, neno letu la Kisukuma la mtu anayegundua jambo. Halafu kwa sauti ya watu wote: "Ni mimi."

"Wewe mama?"

"Mimi. Macho yangu haya. Niliona kijani inafifia, nikasema niikolezee ionekane. Rangi niliokota. Sikujua ni nyekundu."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Yule mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, na nadhani alijua, kwa sababu alinitupia jicho. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini alikuwa amesema mtu anafungwa, na mimi nilikuwa namsubiri mama. Nikashika kanga ya bibi kwa nguvu zaidi nikanyamaza. Akaandika kwenye jalada, akamsomea bibi alichoandika, bibi akaweka dole gumba, lile lile lenye rangi. Fidia yake ikaishia hapo.

Jioni, kwa Mama Kulwa tulikohifadhiwa kibandani, wao nao wakiwa hawana nyumba, bibi aliifua sare yangu kwa mafuta ya taa. Alisugua pindo mpaka vidole vikamchubuka. Nilisubiri anichape. Alipomaliza aliianika, akaja akakaa karibu yangu.

"Ng'wana wane," akasema, mwanangu, "hili usimwambie mtu."

Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Lami ikaja. Ilikuja nzuri, nyeusi, imenyooka, na harufu yake iliingia mpaka kwenye uji. Kitu cha kwanza ilichofanya ni kulifukia shimo letu, safari hii likafukika kweli. Nilikuwa nikitoka shule nakaa juu ya kifusi cha nyumba nikitazama upande wa Pwani. Malori ambayo zamani yalisimama mbele yetu yakiguna sasa yalipita kwa kishindo, upepo wake ukinisukuma. Siku moja nilisikia honi tatu. Nilisimama, nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele. Nilimwona Baba Honi kwa nafasi ya kufumba na kufumbua. Alikuwa amegeuza shingo kushoto, anatafuta mlango wa bluu, na hakutazama kifusi wala mtoto aliyekuwa juu yake. Honi tatu nyingine zikasikika mbali, kwenye kilima, kisha hazikusikika tena. Hatukupata nazi tena.

Watasema barabara inaunganisha watu. Nimeyasikia hayo redioni, nimeyasikia kwenye hotuba, na kila nikiyasikia mdomo unanichachuka. Barabara mbovu ndiyo iliyokuwa inaniunganisha na mama yangu. Ilipotengenezwa, Pwani ikawa karibu kwa kila mtu isipokuwa sisi.

Mvua zilipoisha tulihamia Ushetu kwa kaka yake bibi, mkulima wa tumbaku, mtu mzuri mwenye mke mchungu. Bibi, aliyekuwa mwenye nyumba, akawa mgeni wa kudumu, anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti ili asionekane anakula bure. Habari zilitufuata hata huko. Walimwita bibi aliyejipaka X. Wengine walisema alikuwa na tamaa, alitaka abomolewe mapema alipwe mapema. Wengine walisema amerukwa na akili. Wanajumuiya wapya walimtania hadharani, naye alicheka pamoja nao, akishika kiuno vile vile. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye mkeka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sijui kama walimfikiria mjukuu mwenyewe.

Alifariki nikiwa sekondari. Alikuwa kipofu kabisa siku hizo. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha likizoni, na likizo mbili zilikuja nikasema ijayo.

Baadaye, mtu mzima sasa, nilimuuliza mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za uthamini wa nyumba. Akanishangaa. Akasema rangi ya ukutani ni ya kumwongoza dereva wa mtambo, haki ya mtu ipo kwenye fomu, na bibi kizee aliyesajiliwa haiwezekani akose haki yake kwa sababu ya kopo la rangi, hata kama alipaka mwenyewe. Alisema kuna mtu alipata mwanya akautumia kuila fidia ile. Huenda ni kweli, na ninamchukia mtu huyo nisiyemjua kwa moyo wangu wote. Lakini mwanya niliutengeneza mimi, kwa kitambaa na kijiti, na nikaupendezesha.

Chalinze nilifika mara yangu ya kwanza nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Niliuliza bahari iko wapi, wauza korosho wakanicheka. Katika mkoa wa Pwani kuna mahali huoni hata tone la bahari, kuna malori tu mpaka macho yanachoka. Nilimwulizia mwanamke wa Kisukuma anayepikia madereva, na baada ya safari tatu za kuulizia nikampata, nyuma ya sufuria, mnene, mfupi, ana uso wangu. Tulilia kama watu wanavyolia. Kisha akaninawisha mikono, akanipakulia wali na samaki, akaketi mbele yangu kunitazama ninavyokula.

"Nilikuja mara mbili," akasema. "Kwa basi, lami ilipokamilika. Mara ya kwanza nilitazama dirishani mpaka shingo ikauma, mlango wa bluu siuoni, nikashtukia tupo Runzewe. Mara ya pili nilishuka Ushirombo nikaendelea kwa miguu. Nikamkuta Mama Kulwa."

"Alikuambiaje?"

"Kwamba mama mkwe aliipaka nyumba rangi kwa mkono wake mwenyewe, ivunjwe. Alikiri mbele ya watu. Akakuchukua mkahama, hakuna anayejua mlikokwenda." Alikuwa anajitahidi kusema polepole. "Alijua lami ikifika nitakuja kukudai. Kwa ajili ya ng'ombe wale. Akaona bora avunje nyumba ya mumewe kuliko mimi nikuone. Miaka yote hii, Kabula, nasali kwa kila mtu, kwa yule mwanamke sijaweza. Leo umeniambia alikufa kipofu. Nikasema Mungu ameona."

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Asiniambie mtu kwamba nilikuwa natii agizo la bibi. Agizo lile lilikuwa la kumlinda mtoto wa miaka saba asifungwe, na mtoto yule hayupo tena. Niliyekuwa pale ni mwanamke mzima ambaye alikuwa amempata mama yake kwa muda wa saa moja.

"Wewe ulikuwepo," mama akasema. "Niambie. Ni kweli aliipaka yeye?"

"Nilikuwa mdogo, mama," nikamwambia. "Ila ndivyo alivyosema."

Akatikisa kichwa, akaniongezea mchuzi.